Je, kama Maseko wangeshinda?

Watunzi wa hadithi za kubuni za kisayansi hupenda kugeuza vita moja na kuangalia kingefuata nini. Tujaribu na vya hapa Ruvuma. Miaka ya 1860, Wangoni wa Maseko walishindwa na Wangoni wenzao waliokuja nyuma yao, wakavuka mto Ruvuma kurudi kusini. Wazao wao leo wako Ntcheu, Malawi, chini ya akina Gomani.

Wangeshinda, pengine akina Gomani wangetawala huku, na mji wa Songea usingeitwa jina la nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Na Umatengo? Tunadhani pangebadilika kidogo tu: mshindi yeyote angeendelea kuteka, Wamatengo wangebanana milimani vilevile, na ngoro zingechimbwa.