King'ora chetu kililia Ruiru na hakuna jirani aliyetoka

Wasee, hebu niwaulize kitu. King'ora cha jirani kikilia saa nane usiku, wewe hufanya nini? Sema ukweli. Unavuta blanketi, sivyo?

Mimi pia nilikuwa hivyo, hadi mwezi uliopita king'ora kilipolia na kumbe ni chetu.

Tunaishi Ruiru, kwa mtaa wenye geti na soja. Usiku huo stima ilipotea. Dakika kama 40 baadaye king'ora cha nje kikaanza kupiga kelele. Mathe alikuwa kazini, zamu ya usiku. Nyumbani tulikuwa mimi, ndugu yangu mdogo na shosho, ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Gatundu. Nikasimama nyuma ya mlango na ufagio mkononi, eti silaha. Mwizi hakuwepo. Jirani pia hakuwepo. Hata dirisha moja halikuwaka mwanga wa simu. Asubuhi jirani wa mkono wa kulia akaniambia, bila ubaya wowote, "Si ni ile yenu ya kila siku? Sisi tulishazoea."

Shosho alisikia. Akaweka kikombe cha chai chini, akasema, "Wakati wetu, mtu akipiga kamsa na ukose kutoka, yako nayo nani angeitikia?"

Hilo swali halijaniacha. Ndiyo maana leo nawaletea historia, na inaanza kwa betri.

Kwenye ukuta wetu kuna boksi jeupe, ile paneli ya alamu. Ndani yake, kando na waya za stima, kuna betri ya volti 12, ukubwa wa tofali dogo. Kazi yake ni moja: stima ikipotea, ibaki macho. Betri za aina hiyo hudumu miaka 3 hadi 5 hivi. Yetu iliwekwa 2017, mwaka tuliohama kutoka Thika, na hakuna mtu aliwahi kuigusa. Ilikuwa imekufa zamani. Sasa king'ora cha nje nacho kina kabetri kake. Kikikosa nguvu kutoka kwa paneli, kinadhani mwizi amekata waya, kinaanza kulia. Kwa hivyo kila stima ilipopotea kwa muda, nyumba yetu ilidanganya mtaa mzima. Tulidanganya hadi wakaacha kutuamini.

Sasa rudi nyuma na mimi kidogo. Kabla ya boksi, alamu ilikuwa koo la mtu. Kwa Kikuyu wanaiita mbu, Kiswahili ni kamsa au ukemi. Huku kwetu kati ya Thika na Gatundu watu waliishi wametawanyika kwenye matuta, boma hapa, boma pale, bonde katikati. Mtu akivamiwa anapiga yowe, wa ng'ambo akisikia anatoka. Hakuna betri. Kilichoiwasha ni kwamba kila mtu alijua kesho inaweza kuwa zamu yake.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 20, 1952. Mwaka 1954 serikali ya wakoloni ikaamua kuwatoa watu kwenye matuta kwa nguvu na kuwaweka pamoja vijijini ili wasiwape Mau Mau chakula. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamesukumwa kwenye vijiji 804. Mitaro yenye vijiti vilivyochongwa, seng'enge, mnara wa walinzi, kafyu. Shosho alikuwa na miaka 9. Anachokumbuka zaidi ni filimbi ya homugadi. Filimbi ya asubuhi, mama zao watoke kwenda kuchimba mtaro. Filimbi ya jioni, kila mtu ndani. Anasema usiku ukisikia mtu akilia nyumba ya tatu, hukutoka, kwa sababu anayetoka nje wakati wa kafyu anapigwa risasi.

Fikiria hapo vizuri. Watu walikuwa wamesongamana kuliko wakati wowote, nyumba kwa nyumba, lakini kuitikia kamsa kukawa hatari. Ukaribu haukuwasaidia.

Mbali sana na Gatundu, wengine walikuwa wanatafuta jibu kwa waya. Mwaka 1853 Mmarekani anaitwa Augustus Pope alipata hataza ya alamu ya umeme: mlango ukifunguka, kengele inalia. Edwin Holmes akainunua na kuifanya biashara, baadaye akaunganisha nyumba na ofisi moja ambako kuna mtu hakulala. Ona hiyo. Hata yeye aligundua kengele peke yake haitoshi, lazima kuwe na mtu upande wa pili. Miaka ya 60, nesi mweusi wa Queens, New York, Marie Van Brittan Brown, alikuwa akibaki nyumbani peke yake saa za usiku na polisi walichukua muda kufika mtaani kwao. Yeye na mumewe Albert wakabuni mfumo wa kamera mlangoni, maikrofoni, na kitufe cha kuita msaada. Hataza ilitoka Desemba 2, 1969. Yaani hizi kamera za geti mnazoona kila mahali, babu yake ni mwanamke aliyechoka kuita bila kuitikiwa.

Turudi nyumbani. Ruiru ilikuwa mashamba ya kahawa. Hata ile mbegu ya kahawa inayoitwa Ruiru 11, iliyotolewa 1985, ilitoka kwa kituo cha utafiti cha hapa. Halafu mashamba yakakatwa ploti, na 2012 barabara kuu ya Thika ikafunguliwa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ya 2019 ikahesabu 490,120. Miaka 10, mji umejiongeza mara mbili. Hao wote wametoka kwingine, kila mmoja na ukuta wake na waya wa umeme juu yake. Mwaka 2013 serikali ilituletea Nyumba Kumi ili majirani wajuane. Mimi, kusema ukweli, nilijua gari la jirani yangu, namba zote, lakini sikujua jina lake.

Na stima yenyewe mnaijua. Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma ya kituo cha Gitaru, nchi nzima ikaingia giza. Tumbili alipona, kwa habari yenu. Agosti 25, 2023 giza lingine la nchi nzima, kwingine hadi siku ya pili. Nchi kama hii, betri ya alamu si pambo.

Kwa hivyo nilipanda matatu hadi Thika, nikanunua betri mpya, nikarudi na fundi. Ndani ya boksi kuna stima ya volti 240, usijifanye injinia. Alichofanya ni hiki. Kwanza alipigia kituo cha walinzi wajue tunafanya kazi. Akazima stima. Akafungua kifuniko, akatoa waya mweusi wa betri, kisha mwekundu, akaweka mpya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Akaandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Akafunga kifuniko vizuri, kwa sababu kikiwa wazi paneli inadhani inaibiwa. Akarudisha stima, nikaingiza namba yetu ya siri, akafuta kumbukumbu ya hitilafu, tukarekebisha saa, tukajaribu mlango mmoja mmoja. Taa ya betri ilibaki kwa saa kadhaa hadi betri ikajaa, ni kawaida. Onyo: kuriseti hivi si sawa na kurudisha paneli ilivyotoka kiwandani. Hiyo inafuta namba zenu zote na mpangilio wa milango. Na betri kuukuu usiitupe jalalani, ndani kuna madini ya risasi. Uliza watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walichopitia kwa sababu ya kiwanda kilichoyeyusha betri karibu nao.

Lakini kuna kitu nilifanya kabla fundi hajagusa waya. Shosho alinilazimisha. Nilienda kugonga mageti, moja baada ya lingine, nikisema jina langu na kwamba kutakuwa na kelele. Nyumba 6. Niliomba msamaha kwa zile kelele za nyuma. Nikasema kuanzia leo ikilia usiku, ni ya kweli. Jirani wa kulia ni mwalimu, kumbe, na ametoka Kitui. Mwingine alicheka, akaniambia ya kwao pia inalia ovyo na hajui kwa nini. Nikampa namba ya fundi. Tukafungua kikundi cha simu cha watu 7.

Sisemi mtaa sasa umekuwa kama matuta ya zamani. Wiki mbili baadaye stima ilipotea tena, king'ora kikanyamaza kama kinavyofaa. Ila saa tano usiku simu yangu ikalia. Ni mwalimu. "Mko sawa huko? Nimeona giza na nikakosa kusikia kelele yenu."

Nilimwambia shosho. Akasema hiyo ndiyo betri.