Thamani ya Kabla ya Ajali: Istilahi Inayoamua Fidia ya Gari

Gari likigonga ngamia usiku kwenye barabara ya Isiolo kwenda Moyale, na gharama ya kulitengeneza ikawa haina maana ukilinganisha na thamani yake, kampuni ya bima hulihesabu kuwa hasara kamili. Madereva husema gari limekuwa raitofu. Kuanzia hapo mjadala si wa gari tena, ni wa fedha, nao huamuliwa na mstari mmoja katika ripoti ya mkadiriaji hasara. Mara nyingi mstari huo hufupishwa kwa herufi tatu za Kiingereza, PAV. Maana yake ni thamani ya gari kabla ya ajali.

Mwenye gari huwa na namba nyingine kichwani: kiasi cha bima kilichoandikwa kwenye hati, ambacho ndicho alichokitolea ada. Tuseme Probox imekatiwa bima ya shilingi 1,200,000. Miezi michache baadaye inapinduka, na mkadiriaji anaandika kwamba thamani yake kabla ya ajali ilikuwa 850,000. Mwenye gari huona amedhulumiwa shilingi 350,000 mchana kweupe. Lakini mikataba mingi ya bima ya magari nchini Kenya husema kampuni italipa kiasi cha bima au thamani ya soko, kutegemea kipi ni kidogo. Kwa hiyo kiasi cha bima ni kikomo cha juu tu. Anayedai kulipwa 1,200,000 kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye hati hana pa kushika. Anayedai kwamba gari lilistahili zaidi ya 850,000 siku ya ajali ana kesi.

Tofauti hiyo imetokana na kanuni ya fidia. Neno fidia tumelipata kutoka Kiarabu, ambako lilihusu mali inayotolewa kumkomboa mtu. Katika bima maana yake imebanwa: kumrudisha aliyepata hasara pale alipokuwa kabla ya hasara, asipungukiwe wala asipate faida. Mahakama ya rufani ya Uingereza iliisisitiza kanuni hiyo mwaka 1883 katika kesi ya Castellain dhidi ya Preston, na sheria ya bima ya Kenya imejengwa juu ya msingi huohuo.

Wafugaji wa Isiolo wanaijua bima ya namna nyingine. Mpango wa serikali wa bima ya mifugo, ulioanza mwaka 2015 na kufika kaunti hii baadaye, ulilipa kwa kipimo cha malisho kilichosomwa na setilaiti. Ukijani uliposhuka chini ya kiwango kilichowekwa, malipo yalitoka, na hakuna aliyekuja kupima ng'ombe gani alikufa na alikuwa na thamani gani. Bima ya gari haifanyi kazi hivyo. Ni lazima mtu akadirie, na penye makadirio pana nafasi ya kubishana.

Sasa tuitazame istilahi yenyewe. Kwa Kiswahili dhana hii huitwa kwa majina kadhaa. Wapo wanaosema bei ya soko. Jina hili halifai, kwa kuwa bei ni makubaliano ya muuzaji na mnunuzi, na gari lililoharibika halikuwa likiuzwa. Wengine husema thamani ya sasa. Hili linapotosha kabisa: thamani ya sasa ya gari lililopondeka ni thamani ya mabaki yake. Thamani ya soko ni bora zaidi na ndiyo inayokaribiana na maneno ya mikataba, ila haisemi ni soko la wapi wala la siku gani. Thamani ya kabla ya ajali huitaja siku waziwazi, na siku ndiyo silaha ya mdai.

Umuhimu wa siku ulionekana vizuri mwaka 2023. Mwezi Julai Kenya ilipandisha ushuru wa forodha wa magari kutoka asilimia 25 hadi 35, na kufikia Januari 2024 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160. Magari mengi yanayoendeshwa Isiolo ni mitumba kutoka Japani. Yanayoingia yakipanda bei, hata yaliyokwisha kuingia hupanda. Mkadiriaji anayechukua bei ya zamani na kupunguza uchakavu wa kila mwaka bila kuangalia soko la siku ya ajali atampunja mwenye gari. Lakini hata thamani ikipanda vipi, malipo hayavuki kiasi cha bima. Asiyehuisha kiasi hicho hufungwa na kikomo alichojiwekea mwenyewe.

Mahali napo pana uzito. Mkadiriaji aliyetazama matangazo ya Nairobi peke yake aulizwe gari la aina hiyohiyo, la mwaka uleule na lililotembea kilomita zinazokaribiana, linauzwaje Isiolo, Meru na Nanyuki. Jibu laweza kumfaa mwenye gari au kumuumiza, lakini ni haki yake liulizwe.

Thamani ikishakubaliwa, huja makato. La kwanza ni eksesi, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujibebea. Wanaoitafsiri kuwa ziada wamefuata umbo la neno la kigeni na kuacha maana. La pili ni mabaki, ikiwa mwenye gari ataamua kubaki nayo. Katika mfano wetu, eksesi ikiwa asilimia 2.5 ya 850,000, zinaondoka 21,250. Mabaki yakikadiriwa 150,000, zinazobaki ni 678,750. Na kama logibuku ina jina la benki au Sacco, deni hulipwa kwanza. Kila kato ni dai la peke yake na laweza kupingwa peke yake. Mabaki yaliyokadiriwa juu kupita kiasi humpunguzia mtu fedha sawasawa na thamani iliyokadiriwa chini.

Njia ya kupinga iko wazi. Omba kwa maandishi nakala ya ripoti ya mkadiriaji na bei alizolinganisha. Tafuta mkadiriaji mwingine mwenye leseni, na uambatishe risiti za matengenezo, ripoti ya ukadiriaji uliofanywa ulipokata bima, na matangazo ya magari yanayofanana na lako. Kampuni ikikataa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, inayosimamia Sheria ya Bima, Sura ya 487. Soma pia kifungu cha usuluhishi: mikataba mingi hutaka ubishi kuhusu kiasi uanzie kwa msuluhishi. Pasipo na kifungu hicho, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ina mamlaka ya madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Hati moja yahitaji tahadhari kuliko zote, nayo ni ile ya kuondoa dai, ambayo watu huiita dischaji. Huandikwa kwamba malipo ni kamili na ya mwisho. Ukiitia sahihi kwa sababu ya dhiki, umejifungia mlango, na hoja zako zote juu ya thamani hazitakuwa na kazi.

Basi msomaji mwenye gari, usisubiri ajali ndipo uijue istilahi hii. Kila unapohuisha bima, peleka gari likadiriwe upya, rekebisha kiasi cha bima kulingana na soko la mwaka huo, na nakala ya ripoti uiweke nyumbani. Ukiiweka ndani ya gari, itaharibika pamoja nalo.