Gundi ya Sufuriani na Deni la Karatasi Bukavu

Unga wa muhogo ukikorogwa kwa maji baridi, kisha ukapikwa polepole juu ya makala mpaka uji mweupe uwe mzito na uanze kung'aa, hushika karatasi barabara. Bukavu, mashariki mwa Kongo, ujuzi huu ni wa kila mtu: mama anayegandisha jalada la daftari, kijana anayebandika tangazo la msiba ukutani, muuzaji anayekunja bahasha za karatasi kuukuu. Kwa kuwa hautaki duka wala mtambo, ni rahisi kuudhani urithi wa mababu uliosalia baada ya mambo mengine kupotea. Mimi naona gundi hii ni mtoto wa ukoloni, na historia yake inaonyesha nani hasa aliyelipia maandishi katika mji huu.

Tuanze na viungo vyake viwili, unga na karatasi, maana vyote ni wageni. Muhogo uliletwa na Wareno kutoka Brazili hadi pwani ya Kongo katika karne ya 16, ukachukua muda mrefu kupanda kwenye milima ya mashariki, ambako watu walitegemea ndizi, maharagwe, mtama na ulezi. Huku serikali ya Wabelgiji ikausukuma kwa nguvu. Amri ya mwaka 1917 iliiruhusu kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyachagua, na baada ya njaa ya Rwakayihura nchini Rwanda, mwaka 1928 na 1929, muhogo ulihimizwa zaidi kama akiba, kwa kuwa hukaa ardhini mpaka uhitajiwe. Karatasi nayo ililetwa na misheni na ofisi. Mkataba wa mwaka 1906 kati ya Vatikani na Dola Huru ya Kongo uliwapa wamisionari ardhi na kuwadai waendeshe shule. Mwaka 1933 mji huu, ulioitwa Costermansville wakati huo, ulikuwa makao makuu ya jimbo, na mwaka 1938 Wajesuiti wakaanzisha kolegi inayojulikana leo kwa jina la Alfajiri. Kila ofisi na kila darasa lilileta bahasha, fomu, daftari na ramani, na vyote vilitaka kushikizwa.

Atakayepinga atasema kwamba watu wa Bushi, eneo linalozunguka Bukavu, walijua vitu vinavyonata kabla ya hayo. Ni kweli. Bugali wa mtama hunata vidoleni, utomvu wa miti hukamata ndege, na wafugaji walikuwa na maziwa na ngozi, ambavyo kwingineko duniani vilitumiwa kutengeneza gundi ya mbao. Lakini kuwa na kitu kinachonata ni jambo moja, na kuwa na haja ya kubandika ni jingine. Ngozi ilikuwa vazi na tandiko, tena kuichemsha mpaka iwe gundi huchukua saa nyingi na kuni nyingi. Maziwa yalikuwa chakula cha heshima. Uji wa mtama mwekundu huacha doa. Muhogo ulishinda kwa sababu karatasi ilidai gundi nyeupe, nyepesi na ya bei ndogo, na unga huo ulikuwa tayari jikoni.

Pingamizi la pili ni kwamba gundi hii ni dalili ya umaskini tu, kitu cha kutumia mpaka kole ya dukani ipatikane. Hapo sayansi na biashara zinajibu. Zaidi ya robo tatu ya unga wa muhogo ni wanga, na chembe zake huvimba na kupasuka kwenye joto la nyuzi 65 hivi. Bukavu, iliyo karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu, lakini joto hilo linatosha na kubaki. Marekani yenyewe, kwa miaka mingi ya karne ya 20, ilipaka mgongo wa stempu zake gundi ya wanga wa muhogo uliokaangwa. Kasoro zipo: uji huchacha baada ya siku mbili tatu, mende huupenda, na mvua za Septemba hadi Mei hulegeza mabango. Hata hivyo udhaifu huo wa maji ndio unaowafanya mafundi wa kuhifadhi vitabu wapende gundi ya wanga, kwani kilichobandikwa kinaweza kubanduliwa bila kuchana ukurasa.

Basi ubora wake hauna shaka. Swali ni gharama. Shule na ofisi zilidai karatasi zilizopangwa vizuri, na sehemu ya kazi hiyo ikafanywa kwa unga wa chakula, makala na muda wa wanawake, bila kuandikwa katika bajeti yoyote. Mtindo huo haukuisha na uhuru. Tangu miaka ya 1990 wazazi wa Kongo ndio waliobeba mishahara ya walimu kwa michango, mpaka elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019. Kijiko cha unga ni kidogo mno kando ya mshahara, lakini vyote vimetoka katika mfuko mmoja. Anayeandika historia ya elimu Bukavu kwa kutazama maaskofu, magavana na tarehe za majengo peke yake atakuwa ameacha nje mfadhili wake wa kudumu, ambaye ni jiko la nyumbani.