Fedha na uaminifu katika Ufipa

Ufipa ni nyanda za juu za mkoa wa Rukwa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mji wake mkuu ni Sumbawanga. Ufipa iko mbali na bahari na mbali zaidi na masoko makubwa ya fedha, lakini tangu karne ya 19 watu wake wamebadilishiwa fedha mara kadhaa kwa maamuzi yaliyopitishwa Berlin na London. Kila fedha iliyofika huku ilikubalika kwa kadiri ambavyo aliyeishika alijua nani ataipokea kesho.

Kabla ya sarafu palikuwa na jembe. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri za udongo zinazompita mtu kimo, zilizojivutia hewa bila mivukuto. Chuma hicho kilisafishwa tena katika tanuri ndogo, kintengwe, ndipo mhunzi akakifua. Jembe lililotoka hapo lilitolewa mahari na kubadilishwa kwa mifugo na nafaka. Halikuhitaji mtawala wa kulidhamini: aliyelipokea angeweza kulilimia, na likichakaa akampelekea mhunzi alifue upya. Sijui fedha nyingine iliyowahi kutumika Ufipa yenye dhamana ya wazi kiasi hicho.

Misafara ya pembe na watumwa ilileta merikani, kitambaa cha pamba kilichofumwa Massachusetts na kupitishwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem. Kilihesabiwa kwa shuka na doti, doti moja ikiwa shuka mbili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, merikani iliadimika na vitambaa vya Uingereza na India vikashika nafasi yake. Hivyo vita vya ng'ambo viliweza kupunguza fedha mikononi mwa mchukuzi ambaye hakuwahi kuisikia Marekani.

Rupia ya Wajerumani iliingia kwa njia nyingine: kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, kwa kawaida rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Mwanzoni iliweza kulipwa kwa mazao au kwa kazi, lakini serikali ilizidi kutaka sarafu. Mtu akalazimika kuitafuta rupia, aiamini asiiamini, kwa sababu boma la Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, liliidai. Mwaka 1904 rupia iligawanywa katika hela 100, badala ya pesa 64 za awali.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoonyesha uzito wa kila aina ya fedha. Koloni lilipozingirwa, serikali ilichapa noti za dharura kuanzia 1915, na mwaka 1916 ikapiga huko Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Juni 1916 Waingereza waliiteka Bismarckburg. Aliyekuwa na rupia ya fedha alibaki na madini yake mkononi. Aliyelipwa kwa noti alibaki na ahadi ya serikali iliyokuwa inakimbia.

Waingereza nao hawakuleta utulivu mara moja. Bei ya madini ya fedha ilipanda duniani baada ya vita, na rupia iliyokuwa sawa na shilingi 1 na peni 4 za Uingereza ikapita shilingi 2. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokaa London, ilitoa florini mwaka 1920, kisha ikaiacha na kuleta shilingi mwaka 1921.

Baada ya uhuru, Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango Juni 1966 na shilingi ya Tanzania ikatoka mwezi huohuo. Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni, Tanzania haikufuata. Mwaka 1971 shilingi ilifungwa kwenye dola. Lakini mkulima wa Ufipa aliipima kwa gunia la mahindi. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, likanunua Rukwa kwa bei hiyo, ingawa Dar es Salaam iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Ulezi ukapungua mashambani, mahindi yakaenea. Mfumo huo uliwapa wakulima wa pembezoni soko ambalo hawakuwahi kuwa nalo, na kwa hilo unastahili heshima zaidi kuliko inavyosemwa sasa. Kilichouangusha ni madeni: NMC iliishi kwa mikopo ya benki, na wakulima wakasubiri malipo huku shilingi ikipungua nguvu. Mwaka 1986, katika makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, dola moja ilipanda kutoka takriban shilingi 17 hadi 40.

Leo wafanyabiashara binafsi hununua kando ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mkulima huogopa lumbesa, gunia lililoshindiliwa hadi likaota kichwa na kulipiwa kama gunia moja. Huogopa pia amri. Juni 2017 serikali ilizuia mahindi yasiyosagwa kuuzwa nje, na bei ikaanguka. Lakini mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia, Tanzania ilikubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Hata fedha za simuni ziliguswa na amri: tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, iliyopunguzwa baada ya malalamiko, iliwarudisha wengi kwenye noti.

Machi 2025 kanuni mpya zilipiga marufuku kutaja au kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, dola huaminiwa kuliko faranga. Januari hadi Aprili 5 mwaka huohuo Benki Kuu ilikusanya noti za 1985 hadi 2003. Baada ya hapo hazikuwa fedha halali. Kwa mtu wa Muze au Mtowisa, anayeweka akiba sandukuni na kupanda mlima hadi Sumbawanga kufika benki, miezi mitatu ilikuwa muda mfupi mno.