Fannie Lou Hamer: simulizi ya shambani iliyofika Ikulu

Katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, ubaguzi wa rangi ulilindwa kwa sheria, kwa bunduki na kwa woga wa kusema. Hadi mwaka 1964, Weusi walioandikishwa kupiga kura hawakufika 7 kati ya kila 100 waliostahili.

Kimbilio la kusema lilikuwa kanisani, ambako muumini husimama mbele ya wenzake na kushuhudia yaliyomsibu. Vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi waliopinga ubaguzi, waliijenga harakati yao juu ya desturi hiyo. Agosti 1962 walifanya mkutano katika kanisa moja la Ruleville. Fannie Lou Hamer, kitinda mimba wa watoto 20 wa wakulima wa pamba, alikuwa na miaka 44, na ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba Mweusi anaweza kupiga kura.

Tarehe 31 mwezi huo alikwenda Indianola na wenzake 17 kujiandikisha. Alitakiwa kufafanua kifungu cha katiba ya jimbo, akashindwa. Njiani kurudi, polisi walilisimamisha basi lao na kumtoza dereva faini, eti basi lina rangi isiyoruhusiwa. Usiku uleule mwenye shamba alikofanya kazi Hamer alimtimua baada ya miaka 18 ya kazi. Juni 1963 alikamatwa, na katika jela ya Winona polisi waliwaamuru wafungwa wawili Weusi wampige kwa rungu.

Hayo ndiyo aliyoyasimulia Atlantic City tarehe 22 Agosti 1964, mbele ya kamati ya chama cha Democratic, akidai viti vya mkutano mkuu wa chama vilivyokaliwa na wajumbe Weupe watupu wa Mississippi. Hakuhutubia juu ya nadharia ya haki. Alitaja basi, faini, rungu, na hayo hayabishiki. Rais Lyndon Johnson, aliyehofia kura za Weupe wa kusini, aliitisha ghafla mkutano na waandishi wa habari, kamera zikamwacha Hamer. Hila hiyo haikufua dafu: jioni televisheni zilirusha ushuhuda wake nchi nzima.

Chama kiliwapa Hamer na wenzake viti viwili tu, nao wakavikataa. Agosti 1965 Johnson mwenyewe alitia saini sheria ya haki ya kupiga kura, na kufikia 1967 Weusi walioandikishwa Mississippi walikaribia 60 kwa kila 100. Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa chama mjini Chicago, wajumbe rasmi wa jimbo hilo walikataliwa. Hamer aliingia ukumbini akiwa mjumbe kamili.