Uhakiki wa Madai: Nani Alimlipia Nauli Obama Baba?

Kazi ya kuchunguza kama habari inayozagaa mitandaoni ni ya kweli ina majina kadhaa kwa Kiswahili. Wapo wanaosema ukaguzi wa ukweli, wapo wanaosema uthibitishaji wa habari. Mimi nashikilia uhakiki wa madai. Ukweli haukaguliwi, kinachokaguliwa ni dai la mtu. Na anayeanza kwa kuthibitisha ameshaamua anachotaka kukipata. Kuhakiki, kitenzi chenye mzizi mmoja na haki, hakuegemei upande: dai laweza kusimama, kuanguka, au kusimama nusu. Mwanafunzi wa fasihi atadai neno hilo ni lake. Ni lake kweli, lakini yeye naye kazi yake ni kuipima kazi ya mtu kabla ya kuisifu.

Haja ya neno lisiloegemea upande huonekana hasa kwenye habari za kugusa moyo. Habari ya kutisha angalau humfanya mtu aulize. Ya kugusa moyo hutumwa kwa shangazi na binamu kabla haijasomwa hadi mwisho, na anayeuliza chanzo chake kwenye kundi la familia huonekana ana roho mbaya.

Chukua hadithi ambayo mtu wa Maseno ana kila sababu ya kuipenda. Kijana Mjaluo aliyesoma Maseno School anapata tiketi ya ndege iliyolipiwa na ukoo wa Kennedy, anakwenda kusoma Marekani, na mwanawe anakuja kuwa rais. Barack Obama mwenyewe aliisimulia habari hiyo ya tiketi huko Selma, Alabama, Machi 2007, alipokuwa akiwania urais.

Mhakiki huivunja hadithi vipande. Je, Obama baba alisoma Maseno? Ndiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ingawa hakumaliza. Safari za ndege za kuwapeleka wanafunzi Marekani zilikuwepo? Zilikuwepo, na mratibu wake alikuwa mwanasiasa Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga. Ndege ya kwanza iliondoka Septemba 1959 na wanafunzi 81. Kennedy, wakati huo seneta, alitoa pesa? Alitoa. Mboya alimfuata nyumbani kwake Hyannis Port Julai 1960, na mfuko wa familia ukachangia dola 100,000.

Sasa tazama miaka. Obama baba alifika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, wala hakuwa miongoni mwa wale 81. Pesa za 1960 haziwezi kulipa nauli ya 1959. Gazeti la Washington Post lilieleza hayo Machi 2008, na kampeni ya Obama ikakiri kosa.

Wengi huishia hapo, wakapiga muhuri wa "uongo". Hapo ndipo ninapogombana nao, kwa sababu swali la nauli bado halijajibiwa. Nairobi alikuwepo Mmarekani, Elizabeth Mooney, aliyeshughulikia elimu ya kusoma na kuandika kwa watu wazima, na Obama baba alikuwa karani wake. Katika kazi hiyo aliandika vitabu vya Kijaluo kwa wasomaji wapya, Otieno Jarieko, yaani Otieno mwenye hekima, vilivyochapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1959. Mooney na mwanamke mwenzake wa Marekani, Helen Roberts, ndio waliomsaidia gharama za kwenda kusoma. Hadithi ya Kennedy iliwafunika wote wawili.

Ndiyo maana nautetea huo wingi, madai. Ukiukagua "ukweli" kwa jumla, hadithi nzima hupokewa au hutupwa. Ukihakiki dai moja baada ya jingine, unaweza kuandika kwenye kundi la familia bila kumvunjia mtu heshima: "Shangazi, ya Maseno ni kweli, na ya Mboya pia. Ila pesa za Kennedy zilikuja mwaka uliofuata. Waliomsaidia yeye ni Bi. Mooney na Bi. Roberts."