Neno na Matumizi: Kadio

Katika kumbi za mazoezi jijini Tanga, neno kadio sasa hubebeshwa kila zoezi, hata kunyanyua vyuma. Hapo linapotoshwa. Asili yake ni kardia, yaani moyo kwa Kigiriki, nalo limetufikia kupitia Kiingereza. Kadio ni zoezi linaloongeza mapigo ya moyo na pumzi kwa muda mfululizo: kuogelea ufukweni Raskazone, kukimbia, au kuendesha baiskeli, chombo ambacho Watanga wamekizoea tangu zamani. Moyo ni msuli. Ukizoeshwa hivyo, husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo.

Mchakamchaka ni kadio, ila si kila kadio ni mchakamchaka. Neno hilo la shuleni na jeshini ni la mbio za pamoja, hatua fupi na nyimbo.

Kutoka jasho nako si kupungua mafuta. Anayekimbia juani na koti zito hupoteza maji, na uzito hurudi akishakunywa. Mafuta hupungua pale mwili unapotumia nguvu nyingi kuliko inayoingia kwa chakula. Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa kasi kumo.